Papa Mdogo wa Pwani: Amua Kabla ya Kutia Ndoana Majini

Mkazi wa Tanga, Bagamoyo au Kilwa akisikia neno papa, hamfikirii mnyama wa kutisha peke yake. Hufikiria pia kitoweo: papa mkavu aliyeungwa kwa nazi, au vipande vibichi vilivyotiwa ndimu na pilipili. Wengi wa papa wanaoliwa hivyo ni wadogo, wanaoishi karibu na ufuko na wanaonaswa kwa nyavu au kwa mshipi. Wapo pia wanaolipia chombo na nahodha siku ya mapumziko ili wakavue kwa burudani, kisha warudi nyumbani na chochote walichojaliwa.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu huyo anayelipa, pamoja na familia inayomsubiri jikoni. Lina fundisho moja kuu. Papa anapofikishwa ubavuni mwa chombo, mvuvi hubakiwa na dakika chache tu za kuchagua: ama amwachie akiwa hai, ama amchinje na kumhifadhi ipasavyo. Katika dakika hizo hakuna nafasi ya kutafuta koleo lililosahauliwa, wala barafu isiyonunuliwa. Kwa hiyo uamuzi wenyewe hufanywa nchi kavu, kabla ya ndoana kutiwa majini.

1. Papa huyu ni nani?

Tutamchukua papa mmoja awe mfano wetu. Wataalamu humwita Rhizoprionodon acutus. Wavuvi wana majina yao, nayo hubadilika kutoka diko moja hadi jingine. Mwili wake ni mwembamba, pua yake ni ndefu, mgongo una rangi ya kijivu na tumbo ni jeupe. Ukitazama pembe za mdomo wake utaona mifereji mirefu iliyo wazi. Ana mapezi mawili mgongoni, na lile la pili ni dogo sana, limekaa nyuma karibu na mkia.

Papa huyu hupenda maji ya pwani yenye sakafu ya mchanga, na hupatikana tangu ufukoni hadi kina cha mita 200 hivi. Chakula chake ni samaki wadogo, ngisi na jamii ya kamba. Wengi hawazidi mita moja na robo. Kwa mvuvi wa mshipi si mnyama wa kuogopwa, ila ana meno makali yanayoweza kukata kidole, na ngozi yake hukwaruza kama msasa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni uzazi wake. Samaki wengi wa miamba hutaga mayai kwa maelfu. Papa huyu hatagi. Jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima, kisha huzaa watoto wachache, aghalabu wawili hadi watano, ambao kila mmoja huwa na urefu wa kati ya sentimita 25 na 40. Hupevuka anapofikia takribani sentimita 70 hadi 80. Ukimtoa baharini jike mwenye mimba, umeondoa mama pamoja na uzazi wake wa mwaka mzima. Shirika la kimataifa linalotathmini hali ya viumbe, IUCN, limemweka papa huyu katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

2. Urefu mmoja, umri tofauti

Wavuvi wengi wa burudani hudhani kwamba papa mdogo ni papa mdogo tu, awe wa aina yoyote. Hapo ndipo kosa huanzia.

Chukua papa wawili, kila mmoja ana sentimita 80. Wa kwanza ni yule tuliyemweleza. Huyo ni mtu mzima, tayari kwa kuzaa. Wa pili ana kichwa kipana mithili ya nyundo. Huyo ni mtoto. Papa wa kichwa cha nyundo wanaopita katika maji yetu hukua hadi kuzidi mita mbili, na watoto wao hukaa katika maji haba ya pwani kwa sababu huko ndiko wanakokwepa kuliwa na papa wakubwa. Basi aliyevua papa wanne wa kichwa cha nyundo katika ghuba moja asubuhi moja, huenda amekivamia kitalu chao.

Kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: tazama kichwa kabla ya kupima urefu. Mwenye kichwa cha nyundo aachiwe, na aachiwe upesi, kwa kuwa jamii hii huchoka na kufa haraka mno inaponaswa. Ukinasa wa pili mahali palepale, mwombe nahodha ahamishe chombo.

3. Kabla ya kutoa fedha

Safari ya uvuvi ni huduma inayouzwa, na wewe ni mlaji mwenye haki. Haki hiyo hulindwa kwa maswali yanayoulizwa mapema. Usimlipe nahodha kabla ya kupata majibu ya maswali haya:

– Je, chombo kimesajiliwa, na je, mwendeshaji ana leseni ya shughuli anayoiuza?
– Je, uvuvi wa burudani mahali hapo unahitaji leseni yako binafsi, na ni nani atakayeikata? Tanzania Bara na Zanzibar zina mamlaka tofauti za uvuvi. Uliza ofisi ya upande uliopo.
– Je, eneo mnalokwenda linaruhusiwa kuvuliwa? Ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, yapo maeneo ambayo kuvua ni marufuku kabisa. Viongozi wa kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi (BMU) katika diko watakueleza mipaka.
– Je, kuna koti la kujiokolea kwa kila abiria, pamoja na la mtoto ikiwa unaye?
– Je, bei inajumuisha nini: mafuta, chambo, zana, barafu? Safari ni ya saa ngapi? Ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, fedha itarudishwa?
– Je, samaki atakayepatikana ni wa nani?

Swali la mwisho huleta ugomvi kuliko yote. Katika baadhi ya safari samaki ni wa mteja. Katika nyingine ni wa chombo, na mteja hupewa sehemu. Hakuna utaratibu ulio mbaya katika hizo mbili, mradi umejulikana mapema. Ukiwa ni wa chombo, ufahamu kwamba nahodha anaweza kukataa kumwachia papa uliyetaka arudi baharini. Kwa hiyo makubaliano ya kuachia samaki nayo yawekwe wazi kabla ya nanga kung'olewa, na yaandikwe katika stakabadhi, japo kwa mstari mmoja. Stakabadhi hiyo ndiyo shahidi wako ukilazimika kulalamika.

Angalia pia majira. Kaskazi kwa kawaida huja na bahari tulivu zaidi. Kusi huwa na mawimbi makubwa. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa siku moja kabla na asubuhi ya safari. Nahodha anayekushauri kubaki nyumbani siku ya upepo mkali anakuhudumia vema kuliko yule anayepokea fedha na kukupeleka.

4. Zana zinazoendana na uamuzi

Ukiwa umeamua kuachia papa wote, au baadhi yao, zana zako ziseme hivyo.

Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, hunasa zaidi kwenye pembe ya mdomo. Ndoana ya kawaida iliyonyooka humezwa kwa urahisi, na papa aliyenaswa tumboni ana nafasi ndogo ya kuishi hata akiachiwa. Unapotumia ndoana ya duara usivute kwa kishindo unapohisi kuguswa. Acha mshipi ukazike wenyewe, kisha anza kukusanya taratibu. Kile kijino cha nyuma kinachozuia ndoana kutoka kibonyezwe kwa koleo kabla ya kuanza. Epuka ndoana zenye ncha tatu. Epuka pia ndoana za chuma kisichoshika kutu, kwani ikibaki mdomoni mwa papa haitaoza.

Kati ya mshipi na ndoana weka kipande kifupi cha waya, vinginevyo meno yatakata mshipi na papa ataondoka na ndoana. Mshipi uwe imara. Mshipi mwembamba humpa mvuvi burudani ndefu, lakini burudani hiyo ni mateso kwa samaki: kadiri anavyopambana kwa muda mrefu ndivyo anavyochoka, na aliyechoka kupita kiasi aweza kufa saa kadhaa baada ya kuachiwa, mahali ambapo hutamwona.

Chambo kinachofaa ni vipande vya kibua au ngisi, kikiwekwa karibu na sakafu ya mchanga. Beba koleo lenye mdomo mrefu, mkasi wa kukatia waya, glavu na kitambaa kilicholowa.

5. Dakika za ubavuni mwa chombo

Papa amefika. Ikiwa utamwachia, fuata mambo haya kwa mpangilio.

Mwache ndani ya maji. Mwili wake hauna mfupa hata mmoja. Umejengwa kwa gegedu, nao huchukuliwa na maji. Ukimning'iniza kwa mkia, uzito wake wenyewe huweza kumjeruhi ndani. Ikibidi kumwinua, shika sehemu iliyo mbele ya mkia kwa mkono mmoja, na mkono mwingine uubebe mwili chini ya mapezi ya kifuani.

Toa ndoana kwa koleo ikiwa unaiona. Ikiwa imemezwa, usiitafute. Kata waya karibu na mdomo kadiri uwezavyo.

Picha, ukiitaka, ipigwe mara moja, papa akiwa majini. Simu iwe imeandaliwa kabla.

Mwisho, mshike akielekea mkondo wa maji ili maji yapite mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Anapoanza kupiga mkia kwa nguvu, mwachie. Usimtupe kutoka juu.

6. Ukiamua awe kitoweo

Si kosa kumla papa mdogo uliyemvua kihalali. Kosa ni kumwua kisha kumharibu. Papa huharibika kwa namna yake, na anayefahamu sababu hataharibikiwa.

Damu na nyama ya papa vina kiasi kikubwa cha yurea, ambayo humsaidia kuishi katika maji ya chumvi. Akishakufa, bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia. Hiyo ndiyo harufu kali inayofanana na mkojo uliolala, inayopanda puani ukikaribia ndoo ya papa aliyeachwa juani. Kupika hakuiondoi. Ndimu, siki na viungo huweza kuipunguza au kuificha, lakini haviirudishi nyama katika ubichi wake.

Dawa ni kufanya haraka. Mara tu baada ya kumwua, kata matamvua na sehemu ya mkia ili damu itoke. Pasua tumbo, toa matumbo yote, osha kwa maji safi ya bahari, kisha mlaze katika barafu. Katika joto la pwani yetu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki ni kipimo cha chini. Kwa hiyo aliyeondoka bila sanduku la barafu ameshaamua, apende asipende, kwamba papa wake wote watarudi baharini. Na afanye hivyo kwa moyo mweupe.

Nyumbani, chuna ngozi, kata vipande na uviloweke kwenye maji ya chumvi yenye ndimu au siki kwa saa moja au mbili, ndani ya jokofu. Kisha nusa. Harufu hafifu inayokwisha kwa kuosha haina neno. Harufu kali inayouma pua ni ishara ya kumtupa, hata kama safari ilikugharimu fedha nyingi.

Kanuni hiyohiyo ya pua humfaa anayenunua papa mbichi sokoni. Kwa papa mkavu tazama mengine: awe amekauka hadi ndani, asiwe na ukungu, wadudu wala madoa mekundu juu ya chumvi, na awe amekaushwa juu ya chanja, si juu ya mchanga. Mloweke usiku kucha na ubadilishe maji, hasa ikiwa nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu.

7. Asiyefaa kula papa

Sehemu hii isomwe hata na wale wasiovua.

Papa hula samaki wengine, na kila samaki ana chembe ya zebaki mwilini. Zebaki hiyo hujikusanya kwa anayekula, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu papa mkubwa, mwenye umri mrefu, huwa na zebaki nyingi kuliko mdogo wa aina yake. Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, mwaka 2018 iliweka kikomo cha miligramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kilo moja ya nyama ya papa. Kikomo hicho ni cha biashara. Hakimaanishi kwamba kila mtu anaweza kula bila kujali kiasi.

Zebaki haionekani, hainuki wala haina ladha. Haitoki kwa kuosha, kwa ndimu, kwa chumvi wala kwa moto. Kukausha hakuipunguzi, nyama inapopoteza maji, zebaki iliyokuwamo hubaki katika kipande kilichopungua uzito. Anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo, kwa kuwa ubongo wao ungali unajengwa. Kwa sababu hiyo mamlaka za afya za nchi kadhaa, zikiwamo Uingereza na Marekani, huwashauri wajawazito na watoto wadogo wasile papa kabisa. Marekani huwajumuisha pia wanaonyonyesha. Sisi twatoa ushauri huohuo kwa makundi yote matatu.

Fikiria basi mume aliyerudi jioni na papa wawili, akiwa na furaha ya kumtunza mkewe mwenye mimba ya miezi mitano. Nia yake ni njema, na zawadi yake si salama. Samaki wadogo, kama vile dagaa na vibua, wana zebaki kidogo, wana virutubisho anavyovihitaji mama, na aghalabu bei yake ni nafuu. Ini la papa nalo lisiliwe na mjamzito, kwa sababu lina vitamini A nyingi kupita kiasi. Mafuta ya ini hilo, sifa, wazee wetu waliyapaka mbao za vyombo ili zisiharibiwe na maji. Kwa mama mwenye mimba, yabaki kuwa ya vyombo.

8. Ukivuka mpaka

Jamii nzima ya papa alimo huyu wetu iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES kwa uamuzi uliofanywa Panama mwaka 2022, na uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 25 Novemba 2023. Papa wa kichwa cha nyundo nao wamo. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya nyama, mapezi au meno yao inahitaji kibali. Ikiwa unataka kumpelekea ndugu wa ng'ambo papa mkavu, au kusafiri na taya lililokaushwa kama kumbukumbu, uliza ofisi ya uvuvi kwanza. Muuzaji anayekuambia kwamba kitu kidogo hakihitaji karatasi hatakuwapo uwanja wa ndege mzigo wako utakapofunguliwa.

Maswali ya kujipima

1. Umevua papa wawili wenye urefu sawa. Utatazama nini kwanza, na kwa nini?
2. Nahodha amesema barafu imesahauliwa, na chombo kimeshatoka. Utafanya nini na kila papa utakayemnasa?
3. Papa amemeza ndoana. Je, utaitoa?
4. Jirani mjamzito anasema papa wake ameoshwa kwa ndimu mara tatu, hivyo hana madhara. Utamjibuje?
5. Taja mambo mawili ambayo stakabadhi ya safari yako inapaswa kuonyesha.

Majibu

1. Kichwa. Mwenye kichwa cha nyundo ni mtoto bado, hata akilingana na papa mpevu wa aina nyingine.
2. Kumwachia akiwa hai.
3. La. Utakata waya karibu na mdomo.
4. Ndimu hupunguza harufu ya amonia. Zebaki haiguswi nayo. Mshauri achague dagaa au vibua.
5. Yaliyomo katika bei, pamoja na makubaliano kuhusu samaki: ni wa nani, na yupi ataachiwa.

Ukiyajibu yote bila kurudi nyuma, uko tayari kwa safari. Ukikosa moja, soma tena sehemu yake kabla hujamlipa nahodha.